Mama Mkwe Kando ya Kompyuta

Kompyuta yangu ya kwanza iliingia Shinyanga mjini ikiwa imeviringishwa kwenye godoro, juu ya basi la Mwanza. Ilikuwa miaka ya tisini, ofisi nyingi bado zinagonga taipureta. Nilipanga chumba nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiuza vitambaa, nikatundika kibao cha TUNACHAPA KWA KOMPYUTA, na siku za mwanzo watu walikuwa wanakuja kuangalia tu, kama wanavyokwenda kuangalia mapacha. Baadaye kazi zikaja: kadi za harusi, ratiba za mazishi, katiba za vikundi vya akina mama, barua za vijana wanaoomba kazi kwa watafiti wa dhahabu kule Geita. Mimi ni mwanamke mwenye hasira za karibu, siwezi kuficha. Sikupenda mtu aguse kibodi yangu hata kwa kuonyeshea kidole.

Mtu aliyeigusa kila alipotaka alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Alikuwa anafanya kazi Isaka, kwenye bandari kavu, akihangaika na mizigo inayoshuka kwenye treni na kupanda malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Siku zake za mapumziko alikuja mjini na zawadi mkononi: mchele, kuku, mara moja mbuzi mzima aliyekojoa mlangoni kwa mwenye nyumba, yule wa vitambaa. Mtu wa namna hiyo utamfukuzaje? Halafu ni shemeji, na shemeji ana ruhusa ya utani. Nikimwambia aondoke ananiambia nimeanza kuzeeka vibaya. Anacheka, anavuta kiti, anatoa disketi mfukoni.

Ilikuwa na mchezo wa ndege za vita. Aliipata kwa dereva wa lori, ambaye aliipata kwa kijana mmoja wa Geita anayetembea na kompyuta ya mkononi, naye kijana sijui aliipata wapi. Shemeji aliipenda kuliko mshahara. Ndege ikipiga bomu, na yeye mwenyewe alikuwa anapiga bomu kwa mdomo, mate yakiruka mpaka kwenye kioo changu.

Siku moja, katikati ya ratiba ya mazishi ya mzee wa watu, herufi zikaanza kudondoka. Nasema kweli. Herufi moja ilishuka toka juu ya kioo ikaenda kulala chini, ikafuatwa na nyingine, mpaka jina la marehemu likawa rundo pale chini kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Wafiwa walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mmoja wao akasema taratibu, "Mzee amekataa hiyo ratiba."

Fundi aliitwa kutoka Mwanza. Alikuwa kijana mpole, anaongea na mashine kuliko anavyoongea na watu. Alikaa nayo siku nzima, akasema ni virusi, vimeingia kwa disketi ya nje, na vimeshahamia kwenye disketi zangu zote, maana kila niliyoiingiza baada ya ile ya ndege iliambukizwa. Mashine aliisafisha. Disketi zangu alizikusanya zote kwenye mfuko, akaondoka nazo pamoja na printa, ambayo nayo ilikuwa imeanza kuchapa mistari nusunusu. Aliniachia agizo moja: asiingize mtu chochote humo mpaka atakaporudi na disketi mpya. Hata ikiwa ni yangu mwenyewe. Hata ikiwa ni ya askofu.

"Ukiipitisha moja tu chafu," alisema, "safari hii sijui kama nitaokoa kitu."

Na humo ndani kulikuwa na kitu cha kuokoa. Kilikuwa kitabu cha mama yangu.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kila alikopangiwa kufundisha alikusanya nyimbo za wanawake: za kupalilia pamba, za kutwanga, za kubembeleza mtoto, na zile za kumsema mume mvivu bila kumtaja. Aliandika kwenye madaftari ya shule, Kisukuma upande huu na Kiswahili upande ule. Wengi wa waliomwimbia walikuwa wameshazikwa. Mimi nilizichapa zote, jioni baada ya wateja. Siku nilipomaliza wimbo wa mwisho nikaenda kwake kurudisha daftari la mwisho, tukafungua sanduku lake tuliweke na wenzake, tukakuta mchwa wamejenga humo. Madaftari yalikuwa udongo mtupu. Mama alichota ule udongo kwa kiganja, akautazama, akaumwaga. Hata lile daftari moja nililorudisha lilikuwa la kurasa chache tu, nyimbo za kutwanga.

Basi kitabu kizima kilibaki sehemu moja duniani, ndani ya lile sanduku la plastiki mezani kwangu, bila nakala, bila printa, na shemeji akiwa na mapumziko mwisho wa juma.

Nilianza na ustaarabu. Nilibandika selotepu kwenye mdomo wa kompyuta, pale disketi inapoingilia. Aliibandua kwa ukucha huku ananisimulia habari za Isaka. Nikamwambia mashine ina homa. Akaishika kwa nyuma, akasema kweli ina joto, ngoja tuichangamshe. Mwenye nyumba alinihurumia, akanitafutia kamba na kufuli, tukaifunga kompyuta nzima kama mwizi. Shemeji alifungua lile kufuli kwa spoku ya baiskeli, halafu akalifunga tena vizuri alipomaliza, kwa heshima. Bahati yetu siku hiyo umeme ulikatika kabla hajaingiza kitu. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Yeye akaniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo nikamkumbuka mama, si kwa ajili ya kitabu chake, bali kwa ajili ya cheo chake.

Kwetu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe wake wanaogopana. Wakikutana njiani, mmoja atachepuka. Hawali pamoja, hawakai karibu, hawaongei uso kwa uso ila kwa kupitia mtu. Watu wa mjini wamelegeza, lakini shemeji yangu alilelewa na bibi yake kijijini upande wa Kharumwa, na bibi yule hakulegeza kitu. Jamaa anayefungua makufuli kwa spoku, akimwona mama yangu sokoni, alikuwa anajificha nyuma ya magunia ya dagaa.

Nikaenda kwa mama. Nikamwambia, "Mama, nataka uje kukaa ofisini kwangu."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Alinitazama, akaelewa yote, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mchwa nikamwona anacheka. Alikuja kesho yake na kiti chake mwenyewe cha kukunja, kikapu cha karanga za kumenya na kanga mbili. Akakaa ubavuni mwa kompyuta, upande ule ule wa mdomo wa disketi.

Shemeji alifika Jumamosi. Nilisikia mluzi wake tangu kwenye duka la vitambaa. Akasukuma pazia, akaona. Mluzi ulikatika. Alirudi kinyumenyume mpaka akagonga majora ya mwenye nyumba, na ninaapa aliyaomba radhi. Kisha nikasikia sauti yake kutoka barabarani, ndogo kabisa:

"Shemeji, msalimie mama."

"Mama, mkwe wako anakusalimia."

"Mwambie marahaba," alisema mama, akamenya karanga.

Nilifurahi vibaya. Kila Jumamosi niliketi pale nikisubiri mluzi ukatike. Lakini shemeji hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Alimtuma mdogo wangu na disketi kwenye pochi, na mama akamuuliza mwanaye swali moja tu, "Nani kakutuma?" na mdogo wangu akaweka disketi mezani mwenyewe. Mama aliigeuza kuwa ya kuwekea kikombe cha chai. Wiki iliyofuata ikaja zawadi ya mfuko wa michembe, na katikati ya vile viazi vikavu kulikuwa na disketi nyingine, imefungwa kwenye nailoni. Mama akala michembe na sasa akawa na ya kuwekea kikombe cha mgeni.

Kisha akatumia akili kubwa zaidi. Alijua mama hawezi kumkatalia mwanafunzi. Akawakusanya vijana aliowahi kuwafundisha, watu wazima wenye ndevu, wakaja mpaka nje ya duka wakapanga mstari na kuimba "Shikamoo mwalimu" kama darasa la kwanza, wanaomba atoke wapige naye picha. Mimi nilikuwa nimekwenda posta. Mama alitoka, uso umenawiri. Niliporudi nikaona kundi kule barabarani, nikamwona mama katikati. Nikakimbia ndani.

Shemeji alikuwa amesimama kizingitini, disketi mkononi, jasho linamtoka, hasogei. Mama alipoinuka alikuwa ametandika kanga yake juu ya kiti. Kiti kilikuwa kimegusana na meza, na mtu asingefika kwenye mashine bila kukivuta.

"Shemeji," aliniambia bila kugeuka, "naomba uitoe hiyo kanga."

"Itoe mwenyewe."

"Unajua siwezi kugusa nguo ya mama."

"Najua," nikasema, nikakaa chini nicheke vizuri. Mwenye nyumba alikuja kuona kuna nini, akaelezwa, akaitazama ile kanga kwa heshima mpya kabisa. Alikuwa na kompyuta yake ya hesabu za duka, ambayo fundi hakuwa ameikagua, na tangu siku hiyo alipiga marufuku disketi za nje, hata za kaka yake wa Kahama.

Halafu mvua zikaja, zile mvua kubwa ambazo wenyeji wa huku hawajazisahau. Barabara ya Mwanza ikakatika. Fundi hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Umeme ukawa unakwenda na kurudi, na kila uliporudi kompyuta ilikuwa inakoroma kabla ya kuamka. Mama aliacha kumenya karanga. Akawa ameweka mkono juu ya mashine, anaisikiliza. Siku moja iligoma kuwaka asubuhi nzima, na mimi nikaenda kulia chooni kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeizuia disketi moja chafu kwa nguvu zangu zote, na sasa sikuwa na moja safi ya kutolea kitabu. Mchana ikawaka. Tulitazamana na mama kama watu waliokoswa na gari.

Nadhani mdogo wangu ndiye aliyemsimulia mumewe habari ya mchwa. Sisi tulikuwa hatujamwambia. Yeye wiki zote zile alidhani ni utani wa shemeji, kwamba tunamnyima mchezo kwa kumkomoa. Kusema kweli, kumkomoa kulikuwamo.

Jumamosi moja mvua ikinyesha, sikusikia mluzi. Nilisikia kikohozi nyuma ya pazia.

"Shemeji, mwambie mama nimetoka Mwanza."

"Umepitia wapi? Barabara haipo."

"Treni ya mizigo. Nimekaa na magunia."

Mkono ukapita pembeni ya pazia, umelowa, umeshika kitu kilichoviringishwa kwenye koti la mvua. Koti alikuwa amelivua afunikie mzigo, yeye mwenyewe akanyeshewa. Ndani kulikuwa na boksi la disketi mpya kutoka kwa fundi, nailoni ya kiwandani haijachanwa.

Mimi sikuamini. Nimeshasema nina hasira, na nilimjua huyu jamaa na michembe yake. Nililigeuza boksi kila upande kwenye mwanga. Mama akaninyang'anya, akapitisha kidole kwenye kila ukingo wa ile nailoni, taratibu, kama anayekagua daftari la mtoto aliyezoea kunakili. Kisha akainuka, akatokea mlango wa uani, akasimama kwenye baraza la nyuma huku mvua inamrushia.

"Ingia," nikamwambia shemeji.

Hakuingia. "Kanga," alisema.

Nikaitoa kanga.

Aliingia akasimama mbali na meza, mikono nyuma, maji yanamtiririka sakafuni. Hakuomba hata kubonyeza herufi moja. Nilichana nailoni, nikaingiza disketi ya kwanza, mashine ikakwaruza na kukwaruza, kitabu kikapita. Nikaingiza ya pili, kikapita tena. Nikasogeza vile vidirisha vya pembeni kama fundi alivyonifundisha, ili disketi isomwe tu isiandikwe kitu.

Sauti ya mama ikatoka uani. "Moja weka kwenye droo yako. Moja mpe yeye akae nayo Isaka."

"Nani? Huyu?"

"Huyo huyo."

"Mama, huyu ndiye aliyetuletea ugonjwa!"

"Mchawi mpe mwana amlee," alisema mama. Shemeji alisikia. Alipokea ile disketi kwa mikono miwili.

Mvua haikuwa imemaliza kazi. Siku chache baadaye upepo ulikuja na radi, ukang'oa mabati ya upande wetu wa nyumba. Tulipofika asubuhi, kompyuta ilikuwa imejaa maji kama sufuria. Droo yangu nilipoivuta haikutoka, mbao zilikuwa zimevimba. Nilipoivunja, disketi ilitoka imebandikana na matope ya dari. Mwenye nyumba alisimama kati ya vitambaa vyake vilivyochuja rangi, akanipa pole, nami nikampa pole. Halafu nikachukua usafiri kwenda Isaka.

Shemeji alinipokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani.

"Unaitaka ya nini?"

"Ya nini! Kitabu cha mama."

"Utaiingiza kwenye mashine gani?"

"Ya mwenye nyumba, ya dukani."

"Imekaguliwa? Nani mwingine anaitumia? Kaka yake wa Kahama bado anakuja?"

Nilitaka kumpiga. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, ameshika tumbo kwa kicheko. Aliniambia baadaye kwamba disketi ilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, mbali na redio kwa sababu ya sumaku ya spika, na kwamba wanawe walikuwa hawaruhusiwi kukimbia katika chumba kile.

"Nipe disketi."

"Nitaileta mwenyewe. Na ukinisumbua, namtafuta baba mkwe wako nimkalishe hapa mlangoni."

Aliileta mwenyewe kweli, kopo amelipakata njia nzima. Sasa tatizo likawa mwenye nyumba. Alisimama mbele ya kompyuta yake, mikono ameitanua. Hapa disketi ya nje haiingii, alisema. Nyie wenyewe ndio mlionifundisha. Nilimweleza habari za kidirisha, kwamba hii inasomwa tu, na ilitoka kwa fundi ikiwa mpya. Akatikisa kichwa. Mwishowe akasema, "Mama Mwalimu aje akae hapa. Yeye akikaa, nitaamini."

Mama akaja na kiti chake. Akakaa pale ubavuni. Shemeji, ambaye alikuwa ameshafika mpaka kwenye meza ya kukatia vitambaa, akarudi haraka nyuma ya pazia, akanipa kopo kwa kunyoosha mkono.

Niliingiza disketi. Mashine ilikwaruza, ikanyamaza. Mwenye nyumba alikuwa anaomba kwa lugha yake. Ikakwaruza tena, na kioo kikajaa: wimbo wa kwanza, Kisukuma upande huu, Kiswahili upande ule, kila herufi mahali pake. Mama aliinama karibu. Midomo yake ikawa inacheza, anauimba bila sauti. Aliufuata mpaka mwisho, machozi yakimdondoka mapajani bila kuyafuta. Kisha nikaamuru printa ya duka ichape, ikaanza kulia kwa ile sauti yake ya msumeno, na karatasi ya kwanza ikatoka.

Mama aliikunja kanga yake, akainuka. Akaligeukia pazia, akaongea moja kwa moja, si kwa kupitia kwangu. Sijawahi kumsikia akifanya hivyo kabla wala baada.

"Wabeja, asante, mkwe wangu. Umenilelea mwanangu."

Nikaona chini ya pazia magoti mawili yametua sakafuni. Jamaa alikuwa amepiga magoti kati ya majora ya vitambaa. Nikasikia anavuta kamasi. Hata mimi nilikuwa nataka kumsamehe kila kitu, mpaka kufuli.

Kisha sauti ndogo ikapita pembeni ya pazia.

"Shemeji, hebu muulize mama. Kwa kuwa kitabu kimeshatoka, ile ya ndege je?"

Mama alifungua kanga, akaitandika, akakaa tena.